Mwongozo kamili wa kufinyanga sanamu ya miili miwili iliyoungana, kuanzia udongo mpaka motoni

Kabla hujashika udongo tukubaliane kitu kimoja: kwenye sanamu ya aina hii kiungo ndo kazi yenyewe. Watu wengi wanafinyanga umbo la kwanza, wanafinyanga la pili, yote mazuri kabisa, alafu mwishoni ndo wanaanza kuwaza yashikane wapi, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia, na hata isipopasuka jicho linaona tu kwamba ni vitu viwili vimegandishwa. Mwongozo huu unaanzia pale miili inapokutana, na vingine vyote, unene, unyevu, siku za kukausha, hata moto, tunavipanga kwa ajili ya hapo.

Mtu ninayemrudia kila mara nikifikiria udongo na mwili ni Magdalene Odundo. Kazaliwa Nairobi mwaka 1950, kaenda Uingereza 1971 kusoma sanaa, alafu akiwa bado mwanafunzi akaenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani (mji ule sasa unaitwa Suleja), akajifunza kwa kina mama wa Kigwari akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Odundo hatumii gurudumu wala hapaki glezi, ule mpako unaogeuka kioo motoni. Anapandisha udongo kwa mikono, anaukwangua, anaung'arisha, anauchoma, na mitungi yake ina shingo, tumbo, kitovu, mgongo, ukiitazama unaona kabisa mtu kasimama kajiegemeza upande mmoja. Mwaka 2020 Uingereza wakampa cheo cha heshima cha Dame. Namtaja kwa sababu njia yake ni njia ya bibi zetu, haihitaji mashine ya mamilioni, na karibu kila kitu utakachosoma hapa kinawezekana uani kwako.

Tutafanya kazi moja, uielewe mpaka mwisho: miili miwili, mmoja wa sentimita kama 35, mwingine 25, imeshikana nyongani chini na inakutana tena juu kwa daraja jembamba. Nimechagua hivi kwa makusudi, maana ina aina mbili za kiungo ndani ya kazi moja, ukuta wa pamoja na daraja, na ukiziweza hizi mbili utaunganisha chochote.

Hatua ya 1: Tazama, shika, kata

Nenda sokoni. Nunua tangawizi yenye vidole vingi, karanga za maganda, buyu zima, kibuyu kama bado vinapatikana kwenu, papai bichi dogo. Kama uko pwani nenda maji yakipwa ukaangalie mizizi ya mikoko inavyopandiana, huna haja ya kuokota chochote.

Sasa shika tangawizi, tafuta pale kidole kimoja kinapotoka kwenye kingine. Angalia vizuri, hakuna kona pale. Kabla kidole hakijatoka, mwili wa mama unavimba kidogo kama unajiandaa, ndo kinachomoza, na zile pete nyembamba za ngozi zinabanana pale shingoni alafu zinaachana kadri kidole kinavyonenepa. Karanga nayo ina jambo lake: ni vyumba viwili na kiuno, lakini mistari ya ganda inapita kiunoni bila kukatika, inatoka chumba hiki inaingia kile. Hayo mambo mawili, kuvimba kabla ya kiungo na mstari unaovuka kiungo, ndo yatakayofanya sanamu yako ionekane imeota na sio imeunganishwa. Chora hapo tu, pale panapokutana, mara nyingi, kwa penseli na kwa upande tofauti, umbo zima utalichora baadaye.

Na kitu kingine, vyote hivi vimesukumwa kutoka ndani. Papai, tumbo la mjamzito, mbegu iliyolowa, vinajaa toka ndani mpaka ngozi inakaza. Ukifinyanga kwa kuminya kutoka nje tu unapata umbo lililolegea, limekosa pumzi. Kumbuka hili tukifika hatua ya kupandisha kuta.

Ukimaliza kuchora fanya vimodeli vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, kumi hivi, haraka haraka, usivipende sana. Vipange, vizungushe. Utakayoichagua iwe ile ambayo kila upande unaoitazama miili ile inaonekana ina habari na mwenzake, mmoja ameegemea au amegeuka au amebeba. Kama kuna upande ambao inaonekana ni vyungu viwili vimewekwa karibu, iache.

Hatua ya 2: Udongo

Wa kununua upo kwenye miji mikubwa lakini wa kuchimba una raha yake na ni bure. Tafuta kingo za mito, mabondeni kwenye mashamba ya mpunga, sehemu mvua ikinyesha panateleza na jua likiwaka panapasuka vipande vipande. Omba ruhusa ya mwenye eneo, toa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini. Kama kwenu kuna mama anayefinyanga vyungu muulize yeye kwanza, ataokoa miezi yako. Kule Ziwa Nyasa kina mama wa Kikisi wa Ikombe wanajua udongo wao kwa kuupapasa tu, na vyungu vyao unavikuta soko la Matema.

Majaribio matatu kabla hujabeba ndoo nyingi. La kwanza, sokota kijiti cha unene wa penseli ukizungushe kwenye kidole, kikipasuka pasuka udongo hauna mnato wa kutosha, kikizunguka bila nyufa mko vizuri. La pili, tengeneza kibao kidogo, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kaushe, choma, pima tena. Ukikuta sentimita 9 maana yake udongo wako unasinyaa asilimia 10, na namba hiyo iandike ukutani maana tutaihitaji sana mbele. La tatu ni kwa watu wa Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa, kote ambako ardhi ina mawe ya matumbawe: dondosha siki kwenye bonge kavu la udongo. Likitoa povu kuna chokaa humo. Chokaa ikipita motoni inabadilika, sanamu inatoka nzima unashangilia, alafu baada ya siku au wiki kadhaa zile punje zinanyonya unyevu wa hewa, zinavimba, na kipande cha uso kinaruka chenyewe kinaacha shimo lenye doa jeupe katikati. Chekecha kwa wavu mwembamba sana uone kama povu linapungua, lisipopungua tafuta udongo mwingine, usibishane nao.

Kusafisha ni kazi rahisi ila ya kusubiri. Kausha udongo kabisa, uponde, utie kwenye ndoo ya maji, mkavu unayeyuka upesi kuliko mbichi. Koroga, chekecha, acha utulie, mwaga maji ya juu, tandaza ule uji kwenye shuka kuukuu juu ya mchanga au matofali mpaka uwe wa kukandika.

Sasa usiutumie hivi hivi. Ongeza unga wa vigae, yaani vyungu vilivyovunjika au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, chekecha upate punje za milimita moja kushuka chini na lile vumbi laini kabisa ulitoe. Sehemu nne za udongo kwa moja ya vigae inatosha. Punje hizi zimeshapita motoni hazisinyai tena, kwa hiyo zinapunguza kusinyaa kwa udongo mzima, zinaacha vinjia vya maji kutokea, na zinaupa ukuta uti wa mgongo. Ponda huku umevaa barakoa na umelowesha kidogo, vumbi la udongo lina silika (madini yale ya mchanga) na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Kwa sababu hiyo hiyo sehemu yako ya kazi usifagie kavu, futa kwa kitambaa kibichi.

Pembeni tengeneza udongo wa karatasi, ni kidogo tu, kwa ajili ya daraja na gundi ya viungo. Loweka karatasi ya chooni, ipondeponde mpaka iwe uji, ikamue, changanya sehemu moja ya uji huo na nne za udongo laini usio na vigae. Nyuzi za karatasi zinashika udongo kwa ndani na zinaupa nguvu hata ukiwa mkavu, motoni zinaungua zinaacha udongo mtupu. Utumie ndani ya siku chache, ukikaa unaoza na kunuka.

Kanda udongo mkuu vizuri hadi ukiukata kwa waya uso wake uwe sawasawa, hauna matundu wala mabaka ya ugumu.

Hatua ya 3: Nyonga, pale miili inaposhikana

Hapa ndo tunaenda kinyume na mazoea. Usianze na miili miwili tofauti. Anza na kitako kimoja chenye umbo la karanga iliyokatwa kwa urefu, vyumba viwili na kiuno katikati, ndani wazi kote, hakuna ukuta kati ya chumba na chumba. Tandaza kibamba cha unene wa milimita 10, kikate umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni, kiweke juu ya gazeti lililotandazwa kwenye ubao. Gazeti ni muhimu, udongo ukisinyaa unahitaji kuteleza, ukishikwa na ubao unapasuka chini.

Sokota misokoto ya unene wa kidole chako cha kati. Zungusha msokoto kwenye ukingo wa namba nane yote kwa pamoja, sio chumba kimoja kimoja, uupite kiunoni bila kuukata. Msokoto mmoja umekumbatia miili yote miwili, na hapo ushapata ule mstari wa karanga unaovuka, uko ndani ya ujenzi wenyewe. Kila msokoto ushushe kwa kidole kwenda kwa ule wa chini, ndani na nje, usibakishe mfereji, alafu endelea hivyo mpaka kimo cha sentimita 8 au 9. Ukuta uwe milimita 8 mpaka 10 na uwe hivyo kila mahali, sehemu moja nene na nyingine nyembamba zinakauka tofauti na zitagombana.

Sasa pale kiunoni anza kuinua tandiko kati ya vyumba viwili, kama pale miguu inapokutana na kiwiliwili lakini kwa kugeuzwa. Chukua kipande kifupi cha msokoto ukiunganishe toka ukuta wa mbele kwenda wa nyuma, ukichape kiwe upinde. Kuanzia hapo kila mwili una mdomo wake wa mviringo na unapanda peke yake, lakini kule chini hewa ni moja. Hakikisha tandiko ni nene kidogo kuliko kuta, milimita 12 hivi, na liwe limevimba, halijabonyea. Ile tangawizi ndo hii.

Hatua ya 4: Kupandisha miili

Funika midomo yote miwili kwa kitambaa kibichi, acha sehemu ya chini wazi ishike nguvu. Ukibonyeza kwa kidole isibonyee lakini ukucha ukiacha alama, endelea. Usipande zaidi ya sentimita 6 au 7 kwa siku moja, udongo mbichi haubebi uzito, utakaa chini.

Pandisha miili yote miwili sambamba, leo huu kidogo na ule kidogo. Nasisitiza kwa sababu kishawishi ni kumaliza mmoja kwanza uone umependezaje, ila huyo aliyetangulia atakauka, ataanza kusinyaa, na mwenzake akiwa bado mbichi tandiko litavutwa upande mmoja. Unyevu wao ufanane mwanzo mpaka mwisho.

Kila baada ya misokoto mitatu hivi ingiza mkono ndani, au kipande cha kibuyu au upande wa nyuma wa kijiko, sukuma taratibu kutoka ndani huku nje unachapa kwa kibao bapa. Kusukuma na kuchapa kwa pamoja kunabana udongo, na ndiko kunakoleta ile ngozi iliyojaa. Mwili mrefu uufanye uegemee kidogo kuelekea kwa mfupi. Kuegemea hakutoki kwa kuupinda ukishamaliza, kunatokana na kuweka kila msokoto umesogea milimita mbili tatu upande mmoja kuliko wa chini yake. Zungusha ubao mara kwa mara, simama mbali, chuchumaa, angalia ile nafasi tupu iliyo kati ya miili, maana nayo ni umbo, na mara nyingi ndo inayozungumza zaidi.

Ukifika karibu na juu amua midomo itabaki wazi au itafungwa. Ikifungwa yote, ifunge ukishasukuma uvimbe wa hatua ya 5, na toboa tundu dogo la sindano mahali pa siri chini, hewa inahitaji pa kutokea.

Hatua ya 5: Daraja

Daraja linatoka bega la mwili mfupi linaenda ubavuni kwa mwili mrefu. Litengeneze liwe tupu ndani, mrija wa udongo wa karatasi wenye ukuta wa milimita 6, uuzungushie kwenye kijiti kilichofungwa gazeti alafu kijiti ukitoe. Acha mrija ushike kidogo mpaka uwe na ugumu ule ule wa miili pale utakapogusia. Jaribu kwa ukucha pande zote mbili, alama zifanane. Hii ndo sehemu ambayo siwezi kukupa saa wala siku, inategemea upepo wa kwenu, Mombasa mwezi wa nne na Dodoma mwezi wa tisa ni dunia mbili.

Kabla hujaunganisha, sukuma ukuta wa kila mwili kutoka ndani pale daraja litakapotua ili uvimbe, ukitumia kijiti chenye kichwa cha mviringo kama mkono hauingii. Toboa tundu juu ya uvimbe, dogo kuliko kipenyo cha mrija. Kwaruza uso wa tundu na ncha za mrija kwa uma, mikwaruzo ya kupishana, kina cha milimita 2 au 3. Paka uji wa udongo wa karatasi pande zote, matone machache ya siki ndani ya uji yanasaidia kulainisha uso, subiri ufyonzwe kidogo, paka tena. Bandika, bonyeza, alafu tikisa mrija kushoto kulia kidogo kidogo mpaka uhisi umekamata, unasikia kabisa unagoma kusogea. Acha hapo. Zungushia kiuzi chembamba cha udongo kwenye kiungo, kisambaze kwa kijiti kwenda pande zote mbili mpaka kona ife.

Sasa daraja linahitaji mhimili chini yake mpaka likauke. Usiweke kijiti, usiweke jiwe wala tofali! Udongo wako unasinyaa (kumbuka ile namba ya ukutani), mbao haisinyai, kwa hiyo miili itashuka huku daraja limekalia mbao na litakatika katikati. Tengeneza nguzo ya udongo ule ule, unyevu ule ule, na ukipenda weka karatasi kati yake na daraja zisigandane. Nguzo itashuka pamoja nao.

Hatua ya 6: Kukausha

Hapa watu wanapoteza kazi kuliko motoni. Daraja ni jembamba, linataka kukauka kwanza, na likikauka linasinyaa wakati miili bado mikubwa na mibichi, yaani linavutwa na watu wawili wasiosogea. Kwa hiyo kanuni ni moja: chembamba kifunikwe, kinene kiachwe wazi. Zungushia daraja kitambaa chenye unyevu, juu yake nailoni, alafu funika sanamu yote kwa nailoni kwa siku mbili tatu unyevu usambae usawa. Mifuko ya plastiki ishapigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, tumia karatasi nzito ya nailoni ile ya mafundi ujenzi, unaikunja na kuirudia miaka.

Baada ya hapo fungua miili kidogo, daraja libaki limefungwa. Kila siku geuza nailoni upande mkavu, fungua zaidi. Weka mbali na dirisha lenye upepo, jua lisiipate kabisa. Wiki mbili sio nyingi, msimu wa mvua hata nne. Ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye kiungo usiujaze udongo mbichi, utapasuka tena pale pale. Sugua ndani yake uji mzito wa ule udongo wa karatasi uliopondwa mkavu na kuchanganywa na siki, bana kwa kijiti, funika.

Hatua ya 7: Kukwangua na kung'arisha

Wakati udongo umeshika lakini haujakauka, yaani kabla hujamaliza hatua ya 6, kwangua uso kwa kipande cha kibuyu au wembe wa msumeno kufuata mwelekeo wa umbo, na mikwaruzo yako ipite juu ya viungo kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Ukikwangua kila mwili kivyake na kuishia kwenye kiungo, jicho litaona mpaka pale pale.

Ngozi ya nje nashauri itoke kwenye udongo laini sana. Lita moja ya maji, gramu 400 za udongo mwekundu uliosagwa, kijiko kimoja cha chai cha magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Koroga, acha usiku kucha bila kutikisa. Magadi yanafanya chembe laini kabisa zielee na zile nzito zizame. Nyonya kwa mpira mwembamba tabaka la juu tu, lile tope la chini litupe. Paka kwa brashi laini kwenye sanamu iliyokauka, tabaka nyembamba tatu au nne, na kila moja kabla haijakauka kabisa sugua kwa kitambaa laini au kokoto nyororo ya mtoni. Mng'ao unakuja wenyewe. Kazi hii usiifanye na mkono uliochoka, daraja halitaki kusukumwa.

Hatua ya 8: Moto

Kinachopasua sanamu motoni mara nyingi ni maji. Yakibaki ndani ya ukuta, yakifika nyuzi joto 100 yanakuwa mvuke, mvuke unataka nafasi na haipo. Iguse sanamu shavuni, ikiwa ya baridi bado ina maji, subiri.

Kabla ya kuipakia, weka chini yake kibamba cha udongo ule ule kilichokauka, na unga wa vigae kati yao. Nyonga yako ina upana wa sentimita 20 labda, itasinyaa ikienda motoni, kibamba kitasinyaa nayo na kuibeba.

Ukiwa na tanuri la umeme, panda nyuzi 50 kwa saa mpaka 90, kaa hapo saa nne au zaidi kwa sababu tandiko ni nene. Alafu nyuzi 80 kwa saa mpaka 600. Kati ya 550 na 600 usiharakishe, silika ndani ya udongo inabadilika umbo ghafla kwenye nyuzi 573 na sanamu yenye viungo inahisi mshtuko huo kuliko chungu cha kawaida. Kutoka hapo panda 100 au 120 kwa saa mpaka 950, inatosha. Ukizidi sana nyuzi 1000 mng'ao unafifia. Kushuka nako ni moto, ile 573 inapitiwa tena, kwa hiyo tanuri libaki limefungwa mpaka lishuke chini ya 100 hata kama roho inakutuma uchungulie.

Bila tanuri la umeme choma chini kama kina mama. Chimba shimo la kina cha nusu mita, washa moto mdogo siku ya kwanza kukausha ardhi. Siku ya kuchoma pasha sanamu kando ya moto kwa masaa, ukiigeuza, mpaka usiweze kuishika kwa mkono mtupu. Tandaza maranda na samadi kavu ya ng'ombe, weka sanamu juu, jaza samadi na nyasi kavu katikati ya miili na chini ya daraja ili joto lifike huko kwa kasi ile ile, usiache kuni nzito ziegemee popote, zikidondoka zinavunja. Kuni nyembamba kuzunguka na juu, vigae vya vyungu vya zamani juu kabisa kuzuia upepo. Washa kwa juu, moto ushuke wenyewe. Hapo unapata kati ya nyuzi 700 na 900, na uso utatoka na mabaka ya chungwa, kijivu na meusi ambayo hakuna brashi inayoweza kuyapaka. Simama upande upepo unakotoka, usichome plastiki humo, na usifukue mpaka kesho yake.

Kama unataka nyeusi yote kama mitungi ya Odundo, hiyo ni uchomaji wa pili. Sanamu iliyokwisha kuchomwa mara moja na kutoka nyekundu unaiweka ndani ya pipa la bati, unaizungushia maranda na vipande vya mbao pande zote mpaka juu, unafunika pipa na kuziba kwa udongo, unachoma tena mpaka nyuzi 700 hivi. Maranda yanakosa hewa, yanatoa moshi mzito, kaboni inaingia kwenye vitundu vya udongo na kubaki humo. Hewa ikiingia kabla pipa halijapoa weusi unarudi kuwa mwekundu kwenye hiyo sehemu, na wapo wanaoitafuta hali hiyo kwa makusudi, mwili mmoja mweusi mwingine mwekundu na daraja likibadilika rangi katikati. Kwangu mimi hiyo ndo nzuri kuliko zote, kwa sababu rangi inavuka kiungo bila kusimama.

Hatua ya 9: Kumalizia na kusafirisha

Futa majivu kwa kitambaa kikavu. Ipashe sanamu kidogo juani, paka nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa, sugua. Kazi iliyochomwa namna hii inanyonya maji, usiweke maua yenye maji wala chakula ndani, na mnunuzi mwambie hivyo mapema.

Bei ipange kwa kuhesabu wiki zote, zikiwemo za kukausha, maana sehemu yako ilikuwa imeshikwa muda wote huo na kila siku ulikuwa unageuza nailoni.

Kuibeba, mikono miwili chini ya nyonga, kamwe usishike daraja. Kwenye boksi jaza kwanza nafasi ya kati ya miili kwa gazeti lililokunjwa laini bila kulazimisha, uliloweka likitoka kirahisi ndo sawa, likibana limeshaanza kutenganisha. Alafu zungushia blanketi, boksi la kwanza, maranda, boksi la pili. Juu andika kwa kalamu nene upande gani ni juu, na mpigie simu anayepokea umwambie akate boksi kwa pembeni aivute, asiinyanyue kutoka juu.